Blanketi Wanalosema Lilibaki Dar

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mansi Bhargav Kantilal
Umri: Miaka 17
Dini: Hindu
Kazi: Mwanafunzi, kidato cha nne
Makazi: Upanga, Dar es Salaam, anaishi na wazazi, kaka na bibi
Mahali: Kituo cha polisi, Kariakoo
Tarehe na saa: 26/05/2025, kuanzia saa 5:10 asubuhi
Mbele ya: WP Koplo Nasma
Mlezi aliyekuwepo: Madhuben Kantilal, miaka 71, bibi mzaa baba
Kuhusu: Kuumizwa kwa Beno Jovin, fundi magari, milima ya Uluguru, tarehe 10/05/2025

Mimi niliyetajwa hapo juu nimeelezwa na Koplo Nasma kwamba nikisema uongo hapa naweza kushtakiwa, na nimeelewa. Nimeomba niandike kwa mkono wangu badala ya kuongea. Mbele za watu sauti yangu inakatika, na nikianza kulia nitaishia njiani. Koplo ameniruhusu. Kila ukurasa ukijaa anausoma, ananiuliza maswali, na majibu nayaandika humu humu.

Naandika kwa Kiswahili. Shuleni tunasoma kwa Kiingereza, na kuna karatasi ya Kiingereza kuhusu jambo hili ambayo nitaieleza mbele. Lakini mlimani siku ile watu waliongea Kiswahili, na nataka maneno yao yafike hapa kama yalivyotoka.

Baba yangu ni Bhargav Kantilal. Nyumbani tunamwita Papa. Ana duka Kariakoo, upande wa Gerezani. Anauza spea na vifaa vya kuvutia magari: minyororo, ndoano na nyaya za winchi. Winchi ni mashine inayofungwa mbele ya gari, ina waya mrefu wa chuma. Gari la mwenzako likikwama, unalifunga kwa ule waya, unabonyeza swichi, mashine inalivuta.

Duka lilianzishwa na babu yangu Kantilal, marehemu. Babu alikuwa na kanuni moja ambayo Kariakoo nzima walikuwa wanamcheka nayo. Alisema waya hautoki dukani kabla haujalala na mzigo. Mzigo mpya ukifika, alikata kipande kwenye kila roli ya waya, akakifunga kwenye boriti ya stoo, akaning'iniza injini kuukuu ya lori. Injini inalala pale mpaka asubuhi. Kipande kikiamka salama, roli inauzwa. Kikikatika, roli nzima inaenda kwa wauza chuma chakavu. Mtu aliyekuwa anapanda ngazi kufunga injini ile alikuwa Beno.

Beno Jovin ana miaka 34. Gereji yake ni banda lililo nyuma ya duka letu. Ananijua tangu nina miaka mitano. Sina rafiki mwingine mtu mzima, na hili naliandika kwa sababu linahusika.

Papa na wenzake wana kundi la kupanda milima kwa magari, linaitwa Wana Matope. Mwenyekiti ni Rogath Marcelino, muuza matairi wa jumla, duka lake linatazamana na letu. Beno si mwanachama, hana gari. Wanaenda naye kila safari kwa sababu bila yeye hakuna gari linalorudi.

Naomba nieleze kazi ya blanketi, maana kesi yote iko hapo. Waya wa winchi ukiwa umekazwa ukikatika, unaruka kama fimbo. Kwa hiyo kabla ya kuvuta, blanketi zito linatandikwa juu ya waya, katikati. Waya ukikatika, blanketi linaulemea, unaanguka chini. Mtu wa blanketi anakuwa mmoja tu. Akishatandika anarudi nyuma hatua kumi, ananyanyua mikono yote miwili. Mikono isiponyanyuka, hakuna anayegusa swichi, na fundi hasogei kwenye gari linalovutwa.

Mtu wa blanketi ni mimi. Beno ndiye aliyenipa kazi hiyo mwaka jana, milima ya Pugu. Wale wanaume walikuwa wananitania. Rogath alimwambia Papa, "Bhargav, huyu binti yako umemtoa betri?" Beno akawajibu, "Muacheni. Kazi hii haitaki mdomo, inataka mtu anayeangalia." Blanketi lenyewe ni la kijivu, ni mawili yameshonwa pamoja kwa uzi mwekundu ili yawe mazito. Aliyeyashona ni bibi yangu, huyu aliyekaa hapa. Namwita Ba.

Mnamo tarehe 10/05/2025, siku ya Jumamosi, saa 10:30 alfajiri, tuliondoka Upanga. Magari yalikuwa matatu. La kwanza lilikuwa la Samson, anauza betri, mtu mpole. La pili Prado ya Rogath. La tatu Land Cruiser ya Papa, ndani tulikuwa Papa, kaka yangu Chintan mwenye miaka 20, Beno na mimi.

Saa 3:15 asubuhi tulisimama Morogoro mjini kunywa chai. Papa alifungua mbele ya gari akawaonyesha wenzake waya mpya kwenye winchi. Ulikuwa umetoka kwenye mzigo wa mwezi wa pili. Alisema safari hii Chintan atapiga video ya waya huo ukivuta gari, iwekwe kwenye ukurasa wa duka.

Beno alishika ule waya, akaupitisha kwenye vidole. Akauliza, "Bosi, huu ulilala?"

Papa akasema, "Beno, hayo ni mambo ya mzee. Huu una cheti."

Beno akasema, "Cheti nacho kililala?"

Watu wakacheka. Papa naye alicheka, lakini sikio lake lilikuwa jekundu. Nilikuwa nimesimama karibu nao, nilisikia kila neno. Rogath alikuwepo. Koplo ameniambia kwamba kwenye maelezo yake kwa polisi amesema hakuna mtu yeyote aliyewahi kuutilia shaka ule waya. Anajua kwamba ni uongo.

Saa 4:40 asubuhi tulianza kupanda njia ya zamani ya kubebea magogo. Mvua ilikuwa imenyesha juzi yake. Njia ni nyembamba, kulia ni mlima, kushoto ni korongo lenye migomba. Samson alitangulia, sisi wa pili, Rogath nyuma. Majira ya saa 7:20 mchana, kwenye kona yenye mfereji uliokatwa na maji, Prado ya Rogath iliteleza, matairi ya kushoto yakaingia mferejini. Gari letu lilikuwa limeshapita, liko juu yake kama mita ishirini. Papa akageuza, akaelekeza winchi chini. Beno akavuta waya mpaka kwenye Prado, akaufunga. Mimi nikatandika blanketi, nikarudi hatua kumi, nikanyanyua mikono. Saa 7:35 Papa akabonyeza swichi. Prado ilisogea kama mita moja, Papa akasimamisha ili Beno akatafute jiwe la kuzuia tairi lisirudi.

Beno akateremka nyuma ya Prado, chini kwenye kona. Kutoka kule huoni waya. Prado yenyewe inakukinga. Ulichoweza kuona ni mimi tu, maana nilikuwa nimesimama juu ya kichuguu.

Chintan akamwonyesha Papa video kwenye simu. Papa akasema, "Waya hauonekani. Blanketi tu. Nani atanunua blanketi?"

Rogath akatoa kichwa dirishani. "Uza mablanketi basi, Bhargav. Baridi ya Lushoto inakaribia."

Papa akaniita. "Mansi, toa hilo blanketi. Dakika moja tu, beta, mwanangu."

Nilitikisa kichwa. Aliniona.

Akasema kwa sauti ya chini, kwa Kigujarati, nisimtie aibu mbele ya watu.

Nikaenda nikalitoa. Nikalishika kifuani, nikarudi hatua kumi zile zile. Kule chini Beno alipaza sauti, "Mansi, tayari?" Alikuwa haongei na Papa, haongei na Rogath. Alikuwa ananiuliza mimi. Watu wote walikuwa wananitazama, Chintan ameshika simu, Papa ameshika swichi. Nikalibana blanketi kwapani, nikanyanyua mikono yote miwili.

Beno akaja na jiwe, amelikumbatia, ameinamia mbele kama mtu aliyebeba mtungi. Alikuwa anaangalia tairi. Aliinama kushoto mwa Prado, tairi la mbele. Papa akabonyeza swichi.

Sikuhesabu muda. Waya ulitoa mlio mwembamba, kisha ukakatika karibu na winchi yetu, ukateremka. Nilisikia kishindo kwenye taa ya Prado, halafu kingine ambacho siwezi kukiandika. Mguu wa kushoto wa Beno, chini ya goti, haukuwa tena umenyooka. Saa kwenye simu yangu ilikuwa 7:48.

Koplo ameniuliza kama nilijua waya unaweza kukatika. Nilijua. Beno alinifundisha. Kwenye kundi lile hakuna aliyekuwa anajua vizuri kuliko mimi, zaidi ya Beno mwenyewe.

Neno la kwanza lililosemwa baada ya pale lilitoka kwa Rogath. Lilikuwa, "Chintan, zima hiyo."

Samson alikuja mbio kutoka juu, akavua mkanda wake akamfunga Beno paja. Mimi nililizungusha blanketi kwenye mguu, tukalikaza kwa kamba ya turubai. Beno alikuwa mweupe midomo. Akaniuliza, "We umeumia?" Nikasema hapana. Akasema, "Haya. Kaza zaidi."

Wakati huo Papa alikuwa anakusanya waya. Naomba hili liandikwe kama nilivyoliona. Alikunja kipande kilichobaki kwenye Prado, akateremka mferejini kutafuta kipande kingine, akavitia vyote kwenye gunia, akalifunga mdomo, akalisukuma chini ya kiti. Samson alimwita mara mbili, "Bosi Bhargav, twende, huyu mtu anatutoka." Papa akasema, "Nakuja, nakuja." Tuliondoka saa 8:05. Ni dakika kumi na saba. Nimezihesabu mara nyingi tangu siku ile.

Tulifika hospitali Morogoro saa 10:25 jioni. Beno alishushwa akiwa amefungwa lile blanketi. Manesi walikata kamba, wakalitoa, wakamkabidhi Samson, na kesho yake mke wa Beno, Josepha, alipofika kutoka Dar, Samson akampa yeye. Siku hiyo hiyo Beno alihamishiwa hospitali ya Dar, Upanga. Tarehe 12/05 mguu ulikatwa chini ya goti.

Tukiwa njiani kurudi Dar, mimi na Chintan tulikaa viti vya nyuma. Alifuta video mbele ya macho yangu. Nilimtazama. Akasema, "Unataka nifanyeje?" Nimelala chumba kinachopakana na cha kaka yangu maisha yangu yote, na sijawahi kumchukia hata siku moja kabla ya hiyo.

Mnamo tarehe 13/05/2025, saa 12 jioni, Rogath alikuja nyumbani. Walikaa sebuleni yeye na Papa na Chintan. Mama alinipa trei ya chai nipeleke. Nilipoingia Rogath alikuwa anasema, "Fundi ndiye mwenye vifaa. Blanketi ni kifaa. Kama alilisahau Dar, kosa la nani?" Papa alikuwa kimya. Rogath akasema, "Sema basi, ndugu yangu. Tunasema lilisahauliwa, ndivyo ilivyokuwa, yamekwisha. Samson nimeshaongea naye, yeye alikuwa mbele, hakuona." Halafu akanigundua. Akamuuliza Papa, "Na huyu?"

Papa akasema, "Mansi? Mansi haongei."

Wakacheka. Rogath akachukua kikombe kwenye trei yangu, akasema, "Asante, mwanangu."

Koplo ameniuliza kwa nini nimeandika hapa mpaka karatasi imetoboka. Ni kwa sababu ya hicho kicheko. Sikuwa na hasira na Papa kule mlimani, nilikuwa na hofu. Hasira ilianza na ile trei. Wamepanga uongo mbele yangu kama vile wanapanga mbele ya kochi. Miaka yote nimekaa kimya kwa sababu naona haya, na wao walikuwa wanaweka ukimya wangu akiba.

Mnamo tarehe 17/05/2025, Jumamosi, saa 10 jioni, saa ya kuona wagonjwa, nilikwenda hospitali kwa miguu pamoja na Ba. Ba alibeba uji kwenye chupa. Josepha alikuwepo. Beno alikuwa amekonda, lakini alimwamkia Ba, "Shikamoo mama," akataka kukaa. Ba akamzuia, akaitikia, "Marahaba, lala."

Ba na Josepha walipotoka kuosha vikombe, nilimwambia Beno, "Wanasema ulisahau blanketi Dar."

Akasema, "Nimesikia. Polisi walikuja."

"Uliwaambia nini?"

"Niliwaambia sikumbuki."

Nikamwambia, "Unakumbuka. Uliniuliza kama tayari."

Alitazama dari. Akasema, "Dada, mimi nimesahau. Na wewe sahau. Una mtihani wa taifa mwaka huu."

"Beno, nilinyanyua mikono."

"Najua."

Alisema hivyo tu. Alijua tangu siku ile ile, na ndiyo maana alidanganya polisi. Amepoteza mguu, anaelekea kupoteza na jina lake la ufundi, mtaa wa Gerezani wote wanasema Beno ni mzembe, na bado amelala pale ananikinga mimi. Kama kwa maneno yangu haya ataonekana alitoa maelezo ya uongo, naomba ijulikane aliyatoa kwa ajili ya mtoto wa mtu mwingine, na mtoto huyo hakumwomba.

Mnamo tarehe 20/05/2025, saa 9:30 alasiri, nilikuwa dukani baada ya shule. Josepha aliingia amebeba mfuko. Wateja walikuwepo wawili. Akamwamkia Papa, akatoa blanketi, limefuliwa, limekunjwa vizuri kama shuka za hoteli. Akasema, "Bosi, nimeleta blanketi lenu. Madoa mengine yamekataa."

Papa akasema, "Hilo si letu."

Josepha akadhani hakusikika. "Lile alilofungiwa Beno, bosi. Samson alinipa Morogoro."

"Nimesema si letu, mama. Sisi hatukwenda na blanketi."

Josepha alibaki amelishika kwa mikono miwili. Hakuelewa. Alikuwa hajaambiwa maneno yaliyoandikwa kuhusu mume wake. Alifua damu ya mume wake akalirudisha blanketi kwa mwenyewe kama mtu aliyeazima sufuria, na mwenyewe akamkana mbele ya wateja. Nilitoka nyuma ya kaunta nikalichukua. Nikalitia kwenye begi langu la shule. Papa aliniona, na hakuweza kuninyang'anya kwa sababu wateja walikuwa wanatazama. Safari hii aibu ilikuwa yake.

Blanketi hilo nimekuja nalo leo na nimemkabidhi Koplo Nasma. Pembe zote nne zina uzi mwekundu. Katikati lina mstari wa grisi, upana wa kidole, ni alama ya waya tulipovuta mara ya kwanza saa 7:35. Pembeni lina madoa ya kahawia. Kama blanketi lilisahauliwa Dar, Beno alifungwa mguu kwa kitu gani kule Morogoro? Wanaume watatu walikaa, wakanywa chai yetu, wakatunga, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba mtu waliyemvunja alishuka mlimani amevikwa ushahidi.

Mnamo tarehe 23/05/2025, Ijumaa, saa 1 usiku, Papa aliniletea mezani karatasi iliyopigwa chapa, ukurasa mmoja na nusu, kwa Kiingereza. Juu ilikuwa na jina langu. Ilikuwa Kiingereza kizuri, hata mwalimu wangu asingepata pa kusahihisha. Ilisema kwamba shahidi, yaani mimi, alibaki ndani ya gari kwa muda wote, akisoma. Ilisema shahidi ni mwenye haya kwa maumbile na hapendi kuchanganyika na watu. Ilisema fundi alikiri kwa sauti kwamba ameacha blanketi Dar es Salaam.

Papa akasema, "Weka saini tu. Hutaulizwa chochote."

Nikasema, "Sikuwa ndani ya gari."

Akasema, "Umesema nini?"

Nikarudia. Akaketi. Hakunipiga, hajawahi kunipiga. Alisema, "Unataka baba yako afungwe kwa ajili ya fundi?" Nikashindwa kumjibu, kwa sababu sitaki afungwe. Naliandika hilo kwa ukweli wote. Ananipeleka shule kila asubuhi. Ananimenyea embe. Nililaza kalamu juu ya karatasi, nikaenda chumbani kwa Ba.

Ba aliniuliza swali moja tu. "Ule waya ulilala?"

Nikasema, "Haukulala."

Ba alimfanyia babu kazi ya duka miaka thelathini. Hakuuliza lingine. Nilimwonyesha blanketi, akapapasa uzi wake mwekundu pembe moja baada ya nyingine, zote nne, kama anahesabu.

Sasa nataja jambo ambalo haliwezi kungoja kesi. Roli nne za mzigo ule ule bado ziko dukani, zimewekwa mbele, kulia ukiingia. Juzi Jumamosi saa 6 mchana nilikuwepo dukani, akaja dereva wa gari la kuvuta magari mabovu, akanunua mita arobaini. Chintan alimkatia. Yule dereva alikuwa na fulana ya buluu na alinitania kwamba niongeze tabasamu, ni bure. Nilimwangalia akipakia waya. Sikumwambia kitu. Nilikuwa na nafasi ya kunyanyua mkono kumzuia na sikunyanyua. Hilo nalo liandikwe. Naomba polisi waende dukani leo, na wamtafute mtu huyo kabla hajavuta gari.

Koplo amesema naweza kuandika kwamba nililazimishwa na baba yangu, na kwamba kwa umri wangu itaeleweka. Nimefikiri. Niliambiwa, na ilikuwa vibaya kuniambia, na aliyeniambia aulizwe. Lakini hakuna aliyenishika mikono akainyanyua. Beno alikuwa haamini waya, hakuamini cheti, hakumwamini Papa wala Rogath. Aliamini mikono yangu. Sitaki sheria initoe hapo kwa mlango wa nyuma halafu yeye abaki na mguu mmoja na jina la mzembe.

Leo asubuhi saa 2 Papa alikuwa ameshaondoka bila kunisubiri, na mimi nilikuwa nimeshavaa sare. Ba akatoka chumbani na viatu vyake vya kutokea, mkoba mkononi. Akasema, "Leo huendi shule. Chukua blanketi." Tulichukua bajaji. Tulipita mbele ya duka, limefunguliwa, Papa yuko mlangoni anaongea na simu. Hakutuona. Ba alimtazama mpaka tulipokata kona. Hapa kituoni tulingoja zamu yetu mpaka saa 5.

Nilipofika ukurasa huu, Ba ameinama akaniuliza, "Jina la baba yako umeliandika?"

Nimemjibu, "Nimeliandika."

"Na lako?"

"Nimeliandika."

Akasema, "Basi malizia."

Maelezo yangu yanaishia hapa. Nimeyasoma tangu mwanzo, ukurasa kwa ukurasa. Hakuna nililoliongeza kwa hasira, ingawa hasira ninayo, na hakuna nililolipunguza kwa huruma.

Sahihi ya shahidi: Mansi B. Kantilal
Sahihi ya mlezi: (ameweka sahihi kwa maandishi ya Kigujarati) Madhuben Kantilal

MAELEZO YA ASKARI

Mimi WP Koplo Nasma nathibitisha kuwa shahidi ameandika maelezo haya kwa mkono wake, mbele yangu na mbele ya mlezi wake, bila kuahidiwa wala kutishwa. Kazi imekamilika saa 8:20 mchana.

Nimepokea kielelezo: blanketi moja la kijivu, tabaka mbili, uzi mwekundu pembe zote, mstari wa grisi katikati, madoa. Mlezi ameutambua ushonaji kuwa ni wake. Maelezo yake yatachukuliwa peke yake.

Saa 8:05 mchana, shahidi akiwa anaandika, Bhargav Kantilal alifika kituoni akidai apewe binti yake. Alielezwa angoje kwenye benchi ya nje. Alisema kuna makosa, binti yake haongei. Nilimjibu kwamba anaandika ukurasa wa tisa.

Saa 8:30 mchana askari wawili wametumwa dukani kuchukua roli nne za waya na kuuliza kuhusu mnunuzi wa mita arobaini. Mlezi ameomba kwenda nao. Alisema askari hawataijua stoo, na kwamba boriti bado ipo, na injini bado ipo.